Chumba kimesemwa vibaya: namna ya kuamua kama ulipie au uache, kwa mwanafunzi anayekuja Mtwara

Vyuo vikikaribia kufunguliwa, maswali ni yale yale. "Nimepata chumba Chuno, bei nzuri, ila kwenye grupu wanakiponda. Nichukue?" "Hosteli ina nyota mbili kwenye ramani ya Google lakini picha zinavutia, vipi?" "Nimesikia pale Magomeni kuna wizi, kweli?" Anayeuliza mara nyingi yuko Masasi, Tunduru au Dar, hajawahi kukanyaga Mtwara mjini, na dalali anampigia kila baada ya saa moja kumwambia chumba kinagombaniwa.

Mwongozo huu ni wako, uwe unakuja Stella Maris, Uhasibu, Utumishi wa Umma, ualimu au chuo cha afya. Niseme mapema ninachokiamini: sifa mbaya peke yake haitoshi kukufanya uache chumba, na bei nzuri peke yake haitoshi kukufanya ukichukue. Kinachoamua ni aina ya lawama. Kitasa kibovu utakibadilisha mwenyewe asubuhi moja. Mwenye nyumba anayekula hela za wapangaji huwezi kumbadilisha.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Hesabu kamili ya pesa, si kodi tu. Weka udalali (madalali wengi huchukua kodi ya mwezi mmoja), kitasa kipya, chandarua, ndoo na madumu, na nauli ya bodaboda au bajaji ya kila siku kwenda chuo.
- Simu yenye chaji na tochi inayowaka vizuri.
- Daftari na kalamu.
- Kipande cha sabuni ya kufulia. Utaona kazi yake huko mbele.
- Mtu mmoja aliyeko Mtwara unayemwamini: ndugu, mwanafunzi wa mwaka wa pili, hata rafiki wa mjomba.
- Siku mbili tatu za ziada kabla ya usajili. Anayefika na begi siku ya usajili yenyewe hachagui chumba, anapokea alichopewa.

Hatua ya 1: Kusanya lawama zote, uziandike na tarehe zake

Usisome nyota, soma maneno. Nyota mbili zilizotolewa na watu watatu hazikuambii kitu, maana mmoja wao huenda aligombana na matroni kwa sababu ya geti. Pitia maoni ya kwenye ramani, uliza kwenye grupu la WhatsApp la chuo, muulize yule mtu wako wa Mtwara. Kila lawama iandikie mstari wake: nani kasema, lini, kuhusu nini hasa.

Tarehe ina uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Mtwara mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Wewe unakuja kutafuta chumba Oktoba, ardhi imekauka, paa halina hata tone. Kwa hiyo aliyeandika Februari kwamba chumba kinavuja aliona kitu ambacho wewe huwezi kukiona sasa. Mchukulie kwa uzito. Vivyo hivyo aliyelalamikia joto Desemba. Ila aliyeandika miaka minne iliyopita kuhusu msimamizi mkali, uliza kwanza kama msimamizi huyo bado yupo.

Tazama pia lawama inayojirudia. Watu wawili wasiofahamiana, waliokaa miaka tofauti, wakisema neno moja kuhusu choo, basi tatizo ni la choo na wao hawakuwa na chuki na mtu.

Angalia: sifa nzuri nyingi zilizomiminika ndani ya wiki moja, zote fupi na zote zinafanana, zipuuze. Zimeombwa.

Hatua ya 2: Zigawe mafungu matatu

Fungu la kwanza ni kero za kuvumilika: geti kufungwa saa nne usiku, muziki wa jirani, msikiti au kanisa karibu, wageni kuzuiwa. Hizi ni za tabia. Kinachomkera mwenzako wewe huenda ndicho unachokitafuta. Ila mwanafunzi wa afya anayeingia zamu za usiku hospitali ya Ligula, geti la saa nne kwake si kero ndogo. Muulize msimamizi atakufungulia nani saa sita usiku.

Fungu la pili ni vya kurekebishika: kitasa, wavu wa dirisha uliochanika, taa ya kibarazani, bomba linalovuja, rangi iliyobanduka, hata kunguni, kama wakikabiliwa ipasavyo. Hivi ndivyo vinavyoshusha bei, na mwanafunzi mwenye bajeti ndogo hupata hapa chumba kizuri ambacho wengine wamekikimbia.

Fungu la tatu ni vya kukata shauri. Mwenye nyumba au msimamizi anayeingia vyumbani kwa ufunguo wa akiba. Mtu yeyote wa nyumba hiyo anayewasumbua wasichana. Wizi wa ndani, yaani vitu vinapotea na mlango haujavunjwa. Kodi iliyolipwa kisha ikakanwa. Nyumba yenye mgogoro wa mirathi au deni la benki. Lawama moja tu ya fungu hili ikithibitishwa na mtu uliyezungumza naye, acha, hata kama kodi ni nusu ya kwingine. Kwa dada zangu nasema wazi: hiyo ya ufunguo wa akiba na usumbufu isisubiri uthibitisho mwingi. Ukiisikia kwa watu wawili, tafuta kwingine.

Hatua ya 3: Msake aliyehama

Mtu anayekaa sasa atakuwa na hofu ya kusema, na dalali hana sababu ya kusema. Aliyehama ndiye mwenye ukweli. Mpate kupitia grupu la darasa lake, au mwandikie chini ya maoni yake. Muulize maswali ya matukio, usimuulize maoni: "Maji yalikatika siku ngapi mfululizo?" "Ulipomwambia mwenye nyumba, alifanya nini na baada ya muda gani?" "Ulirudishiwa hela iliyobaki?" Hilo la pili ndilo kubwa kuliko yote. Kila nyumba inaharibika. Cha kujua ni kama mwenye nyumba hupokea simu kikiharibika kitu.

Na usisahau kwamba wenye nyumba wengi hapa wana mashamba Newala, Tandahimba au Nanyamba. Msimu wa korosho ukianza, wiki zinapita hawako mjini. Uliza nani anabaki na mamlaka ya kumwita fundi.

Hatua ya 4: Nenda ukaone, mara mbili

Mara ya kwanza mchana, mara ya pili baada ya saa moja usiku. Dalali atakupeleka mchana tu, tena atakuharakisha. Ya usiku nenda na mwenzako. Hapo ndipo utajua kama njia ya kutoka barabarani ina taa, vijana wanakaa wapi, na muziki unatoka wapi.

*Maji.* Fungua bomba mwenyewe, asubuhi kama unaweza. Kama kuna simtanki, ligonge kwa kiganja kuanzia juu kwenda chini: sauti ikibadilika ndipo maji yalipofikia. Uliza maji ya mamlaka hutoka siku zipi, na tanki hilo wanachangia watu wangapi. Kisha toa ile sabuni yako, lowesha mikono, sugua. Sehemu nyingine za mji, hasa za visima, maji yana chumvi na sabuni haitoi povu. Unaweza kuishi nayo, ila utanunua maji ya kunywa, na gharama hiyo uiingize kwenye hesabu.

*Umeme.* Uliza mita ni yako peke yako au ya wote. Hapa ndipo ugomvi mwingi wa wapangaji huanzia. Mita ya matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hutozwa bei nafuu ya shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo. Mita moja ya vyumba vinane yenye feni, pasi na jagi za umeme haiwezi kubaki kwenye bei hiyo. Kwa bei ya kawaida ya majumbani, shilingi 10,000 hutoa uniti kama 28. Ununuzi wa kwanza wa mwezi hukatwa pia kodi ya jengo, shilingi 1,500 kwa nyumba ya kawaida, kwa hiyo zinashuka hadi kama 24. Mwombe mpangaji akuonyeshe meseji ya LUKU ya karibuni. Ukikuta uniti chache kuliko hapo, huenda mita ina deni linalokatwa, na deni la watu waliohama litalipwa na wewe. Mkubaliane mapema pia nani anabeba kodi ya jengo. Ni jukumu la mwenye jengo, na unaweza kuomba ikatwe kwenye kodi yako ya chumba.

*Paa na ukuta.* Hapa ndipo unatafuta mvua ya mwaka jana. Inua macho kwenye silingibodi: madoa ya kahawia yenye kingo kama ramani ni maji yaliyopita. Rangi mpya iliyopakwa kipande kimoja tu, nayo iulizie. Chini ya ukuta tazama unga mweupe na rangi inayobanduka, ni unyevu unaopanda. Toka nje, chuchumaa, tafuta mstari wa matope ukutani. Ukiwa juu kuliko kizingiti cha mlango, chumba kiliingia maji, atakachosema dalali ni juu yake. Nyumba zilizo karibu na bahari, upande wa Shangani na kwingineko, angalia kutu kwenye mabati na nondo za madirisha. Nondo iliyoliwa na chumvi inang'oka kwa mikono.

*Choo.* Hesabu watu na matundu. Nusa. Uliza shimo lilinyonywa lini na nani alilipa.

*Kunguni.* Kama hosteli ina vitanda na magodoro, usikubali kusimama mlangoni. Inua godoro, washa tochi, pitisha mwanga kwenye mshono wa godoro, kwenye maungio ya chaga, na ndani ya matundu ya skrubu ya vitanda vya dabo deka. Unatafuta vitone vyeusi kama wino uliodondoka, maganda membamba ya rangi ya kahawia, na wadudu wenyewe, waliobapa, wakubwa kama mbegu ya tufaha. Kitanda cha chuma hakimaanishi usalama, hujificha kwenye viungo vyake. Mwenye hosteli akisema "tumeshapuliza", uliza mara ngapi. Mayai huanguliwa ndani ya wiki moja hadi siku kumi hivi, na dawa nyingi haziyaui. Aliyepuliza mara moja tu amewaahirisha. Anayejua kazi hurudia baada ya wiki mbili, na hupuliza vyumba vyote, si chako peke yake.

*Mlango.* Sukuma kwa bega ukiwa umefungwa. Uliza nani ana ufunguo wa pili, na kama unaruhusiwa kubadilisha kitasa. Anayekataa usibadilishe kitasa kwa gharama yako mwenyewe amekujibu swali kubwa.

Hatua ya 5: Zungumza na majirani, kwa adabu na kwa ujanja kidogo

Nenda genge la jirani au kwa mama wa vitumbua mwenye meza karibu na geti. Nunua kitu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Ukimuuliza moja kwa moja "Nyumba ile vipi?", atakuambia "Nzuri tu, mwanangu", kwa sababu hatamsema jirani yake kwa mtu asiyemjua. Uliza vitu vinavyojibika bila kumsema mtu: "Wale wanafunzi huwa wanachota maji wapi?" "Huwa wanakaa muda mrefu?" "Aliyekuwa chumba cha mwisho amehamia wapi?" Akisema kila muhula anaona sura mpya, umeshapata jibu. Akikutazama, akanyamaza, kisha akasema "Muulize vizuri mwenyewe", napo umepata.

Kisha pita ofisi ya serikali ya mtaa. Kama mgeni utatakiwa kujitambulisha huko vyovyote vile, kwa hiyo fanya mapema. Mwenyekiti au mtendaji atajua kama nyumba ina mgogoro wa mirathi na kama wapangaji wamewahi kufika pale kulalamika.

Hatua ya 6: Kaa na mwenye nyumba mwenyewe

Siyo dalali, siyo mpwa wake. Kama yuko shamba, mpigie, na msimamizi awe anasikia. Mwambie ulichosikia, bila kumshambulia: "Baba, nimesikia mwaka jana chumba kilivuja. Kimetengenezwa?" Msikilize anavyojibu. Anayesema "Ndiyo, kilivuja, nikabadilisha mabati mawili, njoo uone" ni mtu wa kufanya naye kazi. Anayeanza kuwatukana wapangaji wa zamani, ujue mwakani atakutukana wewe.

Hatua ya 7: Amua, na ulipe kwa kipimo

Kama hakuna kitu cha fungu la tatu, na vya fungu la pili vina bei unayoiweza, chukua. Vitu vya kurekebisha vigeuze kuwa mazungumzo ya bei: "Nitaweka wavu na kitasa, unipunguzie mwezi wa kwanza." Wengi hukubali.

Desturi ya hapa ni kulipa miezi sita au mwaka. Kwa nyumba iliyosemwa vibaya usianze na mwaka, hata ukiahidiwa punguzo. Omba mitatu, ikishindikana sita. Pesa ya kujikimu ya mkopo, shilingi 10,000 kwa siku kwa wanafunzi wa shahada, huingia kwa awamu, na ukiimaliza yote kwenye kodi utakwama hata kama chumba ni kizuri. Kama mzazi analipa kwa hela ya korosho, mweleze mwenye nyumba tarehe halisi, anaielewa kuliko mtu yeyote.

Mkataba uwe wa maandishi: majina kamili, namba za vitambulisho, kiasi, kuanzia lini hadi lini, maji na umeme ni vya nani, matengenezo aliyoahidi na tarehe yake, na hela iliyobaki itarudishwaje ukilazimika kuhama. Shahidi awe wa serikali ya mtaa, na mkataba ugongwe muhuri. Piga picha chumba kizima siku unapokabidhiwa ufunguo.

Angalia: usitume kishika uchumba kwa chumba ambacho wewe au mtu wako hajaingia ndani. Ile ya "hela tuma kwenye namba hii" imewaliza wanafunzi wengi. Unapolipa kwa simu, jina linalotokea kabla ya kuthibitisha lifanane na jina kwenye mkataba. Likiwa jingine, simamisha.

Ukikwama

*Uko mbali na huwezi kuja kuona.* Mtume yule mtu wako, naye apige video ya moja kwa moja, si ya kurekodiwa: afungue bomba, ainue godoro, aoneshe silingibodi, atoke hadi barabarani. Kama huna mtu kabisa, fikia gesti au kwa ndugu siku mbili tatu. Gharama yake ni ndogo kuliko miezi sita ya kodi.

*Kila mahali kumejaa.* Panua eneo. Naliendele na Mikindani ni kilometa kama 10 kutoka mjini. Kodi huweza kuwa nafuu, ila nauli ya kila siku ihesabiwe kwa mwezi mzima kabla hujafurahi. Au ungana na mwenzako mchukue chumba na sebule.

*Mwenye nyumba hataki mkataba.* Mwambie unahitaji wa kumwonyesha mzazi. Akikataa tena, dai angalau risiti iliyosainiwa yenye jina, kiasi na miezi. Akikataa na hiyo, ondoka.

*Kunguni wametokea wiki ya pili.* Usihamishe godoro kwenda kwa rafiki, utawapeleka. Mjulishe msimamizi kwa meseji ili tarehe ibaki. Nguo na mashuka yachovye kwenye maji ya moto sana, maungio ya kitanda yamwagie maji yanayochemka, sogeza kitanda mbali na ukuta, na shinikiza vyumba vyote vipulizwe mara mbili.

*Matengenezo yaliyoahidiwa hayafanyiki.* Mkumbushe kwa maandishi, mpe siku. Zikipita, muombe kibali utengeneze mwenyewe na ukate kwenye kodi ijayo. Usikate kabla hajakubali, utageuka mdaiwa.

*Unaambiwa uhame kabla ya muda uliolipia.* Usitoe vitu kwa hasira na usibishane usiku. Asubuhi nenda serikali ya mtaa na mkataba wako, yule shahidi aliyeweka muhuri aitwe. Isipoisha hapo, baraza la kata hufanya usuluhishi, na juu yake kuna Baraza la Ardhi na Nyumba. Ofisi ya mlezi wa wanafunzi chuoni kwako nayo ijulishwe siku hiyo hiyo, maana simu ya chuo huwa inasikilizwa. Malalamiko yaandike kwa nakala mbili, moja ikigongwa muhuri wa kupokelewa ubaki nayo wewe.